Sauti ya Mgeni Ukumbini Mwetu



Waswahili tuna methali mbili juu ya mgeni, nazo hazipatani sana. Ya kwanza husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Baina ya methali hizi ndipo lilipo jambo tulilokusudia kulizungumza wiki hii: habari za mgeni asiyebisha hodi kwa mkono wala kuvua viatu mlangoni, bali huingia kwa mawimbi, kwa waya na kwa dishi, akaketi ukumbini mwetu na kuanza kutusimulia ulimwengu. Tunakusudia idhaa na chaneli za habari zinazomilikiwa na nchi za nje.

Barazani baada ya sala ya Isha, watu wetu wa Likoni, Kisauni na Changamwe huulizana: mbona Wamarekani hawakuitaka Al Jazeera? Jibu la haraka ni kuwa Wamarekani wana chuki na hawataki kusikia ukweli. Jibu hilo halikosi haki, lakini haki yake ni nusu. Nalo jibu la nusu lina madhara yake, kwani humridhisha mtu na aibu ya jirani hata asiitazame nyumba yake mwenyewe. Twataka basi tulitazame jambo hili kwa utulivu, kwanza kule Marekani, kisha hapa kwetu Pwani, ambako nasi tumekuwa na wageni wa namna hiyo tangu zama za mababu.

Yaliyotokea Marekani

Al Jazeera ilianzishwa Doha, nchini Qatar, mwaka 1996, kwa fedha za serikali ya nchi hiyo. Chaneli yake ya Kiingereza ikaanza mwezi wa Novemba 2006, ikiwa na vituo vikuu Doha, London, Washington na Kuala Lumpur. Kwingi duniani ilipokewa. Marekani haikupata pa kuingilia.

Yafaa msomaji aelewe mlango wenyewe ulivyo. Kule, kwa miaka mingi, mtu hakununua chaneli moja moja aipendayo. Alilipa ada ya kila mwezi kwa kampuni ya kebo au ya setilaiti, na kampuni ndiyo iliyochagua fungu la chaneli zitakazomfikia. Kampuni hiyo ilikuwa ndiye bawabu. Bawabu alipoipima Al Jazeera ya Kiingereza, aliona jina ambalo tangu mashambulizi ya Septemba 2001 lilikuwa limefungamanishwa na kanda za Osama bin Laden, akaona na wateja wanaoweza kukasirika, akafunga mlango. Miji michache tu iliipokea. Mmoja ni Burlington, katika jimbo la Vermont, ambako mtandao wa kebo ulikuwa mali ya mji wenyewe. Mwaka 2008 baadhi ya wakazi walidai chaneli hiyo iondolewe. Jambo likajadiliwa hadharani, wengine wakaitetea, na chaneli ikabaki. Tunalitaja hilo ili msomaji asidhani kuwa Wamarekani wote ni kauli moja.

Mwaka 2011 wananchi wa Misri walipojaa katika Uwanja wa Tahrir, Wamarekani wengi waliifuata Al Jazeera kwa njia ya intaneti, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na waandishi katikati ya tukio. Hata aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, Bi Hillary Clinton, aliliambia Baraza la Seneti kuwa watazamaji wake wanaongezeka kwa kuwa inatoa habari za kweli. Wenye chaneli wakaona wakati umewadia. Januari 2013 wakainunua chaneli ya Current TV, iliyokuwa ya aliyekuwa makamu wa rais, Al Gore, na washirika wake, kwa bei iliyotajwa kuwa karibu dola milioni 500. Kwa hakika hawakununua vipindi; walinunua mlango. Chaneli ile ilikuwa tayari ndani ya mamilioni ya nyumba kwa mikataba ya kebo.

Lakini mlango ulionunuliwa kwa fedha haukufunguka wote. Kampuni moja kubwa ya kebo, Time Warner Cable, iliiondoa Current TV mara baada ya habari ya ununuzi, ingawa baadaye ilikubali kuirudisha kwa jina jipya. Nyingine, AT&T, ilikataa hapo mwanzo, na shauri likafika mahakamani kabla ya kusuluhishwa. Tarehe 20 Agosti 2013 Al Jazeera America ikaenda hewani. Ilikuwa na mamia ya wafanyakazi, wengi wao Wamarekani wenye majina katika kazi hiyo, na ilipunguza matangazo ya biashara ili habari zipate nafasi. Ilishinda tuzo za heshima. Na pamoja na yote hayo, watazamaji wake wa saa za jioni walihesabiwa kwa makumi ya maelfu tu, katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 300. Januari 2016, bei ya mafuta ikiwa imeanguka na mfuko wa Qatar ukibana, ilitangazwa kuwa itafungwa. Tarehe 12 Aprili 2016 ikazimwa.

Sababu za kushindwa

Tukikusanya yaliyojiri, tunaziona sababu nne ambazo kila moja yaisaidia nyingine.

Ya kwanza ni jina na dhana. Wenye chaneli walilishikilia jina lao, jambo la heshima, lakini mtazamaji wa kawaida alikwisha kulihukumu jina kabla ya kusikia neno. Ya pili ni bawabu, ambaye tumekwisha kumweleza. Ili kumridhisha, chaneli ililazimika kuwafungia wakazi wa Marekani matangazo yake ya bure ya intaneti, kwa kuwa kampuni za kebo hazitaki kuuza kile kinachogawiwa bure kwengineko. Hivyo wale waliokuwa wameipenda mwaka 2011 ndio walionyang'anywa wa kwanza.

Ya tatu ni mazoea. Mtazamaji wa habari za kebo nchini Marekani alikuwa na kiti chake tayari: huyu kwa Fox News, huyu kwa MSNBC, yule kwa CNN. Wengi hawaketi hapo kutafuta habari mpya, bali hutafuta watu wa rai yao. Mgeni aliyekuja na taarifa ndefu na za upole hakuwa na kabila katika ugomvi ule. Ya nne ni wakati. Chaneli iliingia katika kebo wakati ambao vijana walikuwa wakiihama kebo na kuhamia simu. Ni kama mtu aliyenunua jahazi kubwa mwaka ule ule bandari ilipojaa meli za moshi.

Wala si Al Jazeera peke yake. Chaneli ya Urusi, RT America, ilifungwa Machi 2022 baada ya vita vya Ukraine kuanza na kampuni ya DirecTV kuitoa katika orodha yake. Bawabu ni yule yule, ingawa mgeni alikuwa mwingine.

Wageni waliopokelewa Pwani

Sasa natugeuke kwetu. Kama ugeni peke yake ndio ungekuwa kizuizi, pasingekuwa na idhaa ya nje iliyopata kusikilizwa Pwani hii. Historia yasema vingine.

Mwaka 1954, katika zama za Gamal Abdel Nasser, Redio ya Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili. Miongoni mwa watangazaji wake walikuwa Wazanzibari, akiwemo marehemu Ahmed Rashad Ali. Wakati huo serikali ya kikoloni ilikuwa na vituo vyake, na hapa Mombasa palikuwa na Sauti ya Mvita. Lakini Cairo ilisema yale ambayo kituo cha mkoloni hakikuweza kuyasema, na iliyasema kwa lafudhi ambayo mzee wa Mtongwe na bibi wa Kisauni waliitambua kuwa ni ya kwao. Serikali ya Uingereza iliyaona matangazo hayo kuwa tatizo zito, na hilo latosha kuwa dalili ya jinsi yalivyosikilizwa. Tarehe 27 Juni 1957, BBC nayo ikaanza idhaa yake ya Kiswahili. Zikafuata Sauti ya Amerika mwaka 1962 na Sauti ya Ujerumani mwaka 1963.

Idhaa hizi zilikuwa za kigeni kwa mali na kwa makao. BBC ilikuwa ya dola ile ile iliyotutawala. Mbona basi zikakaa majumbani mwetu miaka yote hiyo, hata jina la Dira ya Dunia likawa kama jina la saa ya jioni? Tunaona mambo matatu. Kwanza, hazikuwa na bawabu. Redio ya masafa mafupi haiombi idhini ya kampuni wala haidai ada ya mwezi. Ukiwa na betri na waya wa antena juu ya mnazi, umeipata. Pili, zilisema kwa ulimi wetu, tena ulimi uliokunwa vyema, si tafsiri ya kubabaisha. Tatu, zilituambia lile ambalo redio ya serikali yetu ilinyamaza juu yake. Mgeni alipokelewa kwa sababu alibeba kitu ambacho nyumba ilikihitaji na haikuwa nacho.

Chaneli iliyotangazwa isionekane

Wasomaji wenye kumbukumbu hawajasahau kuwa mwanzoni mwa muongo wa 2010 ilitangazwa kuwa Al Jazeera itaanzisha chaneli ya televisheni kwa Kiswahili, makao yake yakiwa Nairobi. Watu wetu walifurahi. Lakini miaka ilipita na chaneli hiyo haikupata kurushwa. Kwa hiyo hakuna Mswahili aliyeikataa. Ilikosekana kabla ya kukataliwa. Hata hivyo twaweza kuuliza: lau ingekuja, ingekuta nini?

Kwanza ingekuta kuwa nasi tuna bawabu. Televisheni si redio ya betri. Mwezi wa Februari 2015, nchi yetu ilipohama kutoka mitambo ya analogi kwenda dijitali, chaneli kubwa za Citizen, NTV na KTN zilikosekana hewani kwa karibu wiki tatu. Kiini cha ugomvi kilikuwa ni nani atakayebeba mawimbi: wenye vituo walitaka kuyabeba wenyewe, ilhali leseni zilikuwa kwa kampuni ya shirika la utangazaji la taifa na kwa kampuni nyingine iliyofungamana na StarTimes ya China. Kila mwenye king'amuzi alijifunza wakati ule lile ambalo Wamarekani walilijua zamani, kuwa mwenye ufunguo wa bomba ana kauli juu ya maji.

Pili ingekuta kuwa fedha na mitambo hazitoshi kumpata mtazamaji. China ilifungua chaneli yake ya Afrika mjini Nairobi mwezi wa Januari 2012, ambayo leo yaitwa CGTN, na ikawaajiri watangazaji wa Kenya wenye sifa kubwa. Baada ya mkutano wa Johannesburg wa Desemba 2015, ukaja mpango wa kupeleka televisheni ya setilaiti katika vijiji 10,000 barani Afrika, na Kenya ikawa na fungu lake. Dishi zilifungwa na ving'amuzi vikawashwa. Lakini yeyote anayetembea mitaa yetu ya Bombolulu, Bamburi, Mtongwe au Miritini ajiulize ni nyumba ngapi amekuta zimekaa kusikiliza habari za CGTN wakati wa jioni. Huenda akakuta watoto wanatazama filamu ya Kichina iliyotiwa sauti ya Kiswahili, au vijana wanatazama mpira wa ligi za Ulaya kwa king'amuzi hicho hicho. Habari ni jambo jingine. Mtu humruhusu mgeni amchekeshe mapema zaidi kuliko anavyomruhusu amweleze hali ya nyumba yake.

Saa moja ya jioni

Tatu ingekutana na saa moja ya jioni. Nchini Kenya habari za Kiswahili husomwa saa moja, na za Kiingereza saa tatu usiku. Huku kwetu saa moja huangukia baina ya Magharibi na Isha. Baba amerudi msikitini, mama ameshaweka sufuria jikoni, watoto wametoka chuoni. Ndiyo saa ambayo nyumba nzima hukutana chini ya paa moja, na ndiyo saa ya Nipashe. Anayetaka kuinyang'anya nafasi hiyo lazima awe na jambo kubwa.

Nalo jambo kubwa mara nyingi liko karibu, halitoki mbali. Mwezi wa Septemba 2019 gari liliteleza kutoka katika feri ya MV Harambee pale kivukoni Likoni, mama na mwanawe wakazama. Ilichukua siku 13 kulitoa gari. Siku zote hizo Pwani nzima ilikuwa na swali moja tu kila jioni: wamepatikana? Kwa kituo kinachotazama dunia nzima, ajali ile ni taarifa fupi. Kwa mwenyeji wa Likoni ni njia aipitayo asubuhi na jioni, na ni kumbukumbu ya MV Mtongwe ya tarehe 29 Aprili 1994, iliyoondoka na roho 272. Hii ndiyo sababu ya ndani kabisa inayoifanya chaneli ya nje ione taabu mahali popote, Marekani au Mombasa: haiwezi kuwapo siku ya kumi na mbili.

Tatizo lina upande wa pili. Vituo vya nje vikija kwetu, mara nyingi huja kwa mambo mawili: utalii na ugaidi. Ama ni mchanga mweupe, ama ni damu. Shule zetu, masoko yetu, maji yanayokatika Changamwe, vijana wa Kisauni wanaojisomesha ufundi, hayo hayana kamera. Wala Nairobi haijasalimika na lawama hii; nayo kwa wengi wa Pwani ni mgeni anayekuja akisikia mlio. Basi tunapomsikia Mmarekani wa kijijini akisema kuwa watu wa Doha hawawezi kumweleza habari za nchi yake, tusiharakishe kumcheka. Neno hilo tumelisema sisi kwa miaka, kwa lafudhi nyingine.

Wakati mgeni anapokuwa lazima

Hata hivyo haitakuwa insafu kuishia hapo, kwani ziko siku ambazo nyumba haiwezi kukaa bila mgeni. Januari 2018, serikali ilipozima chaneli za Citizen, NTV na KTN kwa siku kadhaa kwa sababu ya hafla ya kisiasa ya Nairobi, wananchi walitafuta habari za nchi yao kwa sauti za nje. Na tangu Oktoba 2023 nyumba nyingi za mitaa yetu zimeiwasha Al Jazeera ya Kiingereza kwa ajili ya Gaza, zikamwona Wael al-Dahdouh akirudi kazini baada ya kuizika familia yake. Tumeona pia tabu yake: bibi anaziona picha na machozi yanamtoka, lakini maneno hayaelewi. Hugeuka akamuuliza mjukuu, naye mjukuu hufasiri nusu, na nusu akaijaza kwa aliyoyasoma katika simu. Jicho limepata haki yake, sikio limedhulumiwa. Hapo ndipo pengo la ile chaneli ya Kiswahili linapoonekana, na ndipo uzushi unapopenyeza.

Tena tusisahau kuwa mgeni ana mwenye kumtuma. Tarehe 15 Machi 2025, kwa amri ya Rais wa Marekani, wafanyakazi wa Sauti ya Amerika waliwekwa likizo na matangazo ya lugha nyingi yakakatika, Kiswahili kikiwa miongoni mwazo. Idhaa iliyoishi kwa zaidi ya miaka 60 ilinyamazishwa na mtu aliye mbali kabisa na msikilizaji wake. Al Jazeera America ilizimwa kwa hesabu za Doha. Watangazaji walikuwa hodari, hilo hatulipingi. Lakini msikilizaji wa idhaa ya nje hana hisa wala kura katika uhai wake.

Yatupasayo

Twaona mambo matatu yanatulazimu sisi wenye nyumba.

Kwanza, kila habari tuiulize nani aliyeileta na nani aliyelipa nauli yake. Si kwa kuikataa, bali kwa kuipima. Suratul-Hujurat imetufunza kuhakikisha habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta, na mafunzo hayo hayamwachi mtu kwa kuwa ana jina la Kiislamu. Idhaa ya nchi ya Kiislamu nayo ina serikali nyuma yake, na hunyamaza panapoihusu serikali hiyo. Mwenye kupima apime kwa mizani moja.

Pili, wazazi tuketi na watoto wetu wakati wa habari, tuwafasirie na watufasirie. Kijana anayemfasiria bibi yake afundishwe kuwa tafsiri ni amana. Asichokielewa aseme hakukielewa.

Tatu, tuviangalie vituo vyetu vya hapa, Radio Rahma, Radio Salaam, Pwani FM na vinginevyo. Tunavisikiliza kwa kasida na mawaidha, lakini ni mara ngapi twavipelekea habari, twavikosoa kwa adabu, au mfanyabiashara wetu akavipa tangazo la duka lake? Kituo cha jirani kisicholipiwa na jirani kitakuja kulipiwa na mwingine, na atakayelipa ndiye atakayechagua wimbo. Wahenga walitwambia tusiache mbachao kwa msala upitao. Msala mzuri wa mgeni tuutandike siku anayokuja nao, tumshukuru na tumsikilize. Lakini mbachao ni wetu, na ukichanika ni juu yetu kuushona, kwani ndio tutakaoukalia kesho yake.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kusikia maneno mengi wakafuata yaliyo mema zaidi. Wabillahi tawfiq.